Kupanga Darasa la Chekechea Kuanzia Sakafuni

Madarasa mengi ya PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, hapa Mombasa hupambwa kabla hayajapangwa. Rangi inapakwa, herufi zinachorwa juu kabisa ya ubao ambako mtoto wa miaka minne hazioni mpaka akunje shingo, kisha madawati yanajazwa hadi mlangoni. Fanya kinyume chake. Toa kila kitu nje, fagia, halafu uamue watoto watapita wapi.

Tuseme una chumba cha mita 6 kwa 8 na watoto 30. Acha njia ya sentimita 90 kutoka mlangoni hadi kila kona. Upana huo unapitisha kiti cha magurudumu, na pia unapunguza ugomvi, maana watoto hupigana zaidi pale wanapopitana kwa kusukumana. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa urefu wa sentimita 180, yaani sentimita 12 kwa kila moja ya kimo. Fundi atataka kuufupisha abanie saruji. Usikubali, kiti kitapinduka kinyumenyume. Na mwambie aukwaruze juu kabla haujakauka, la sivyo masika yakiingia utateleza.

Katikati tandika jamvi la kukalia duara. Pembeni weka kona tano za watoto sita-sita: vitabu, ujenzi, nyumbani, duka, na mchanga na maji huko barazani. Kona ya vitabu iwe mbali na ya ujenzi. Rafu zisizidi sentimita 70, mtoto ajichukulie mwenyewe nawe uone chumba kizima ukiwa umesimama. Ili kona moja isivamiwe, tundika vibanio sita vya nguo penye kila kona. Anayeingia anabandika kimoja kwenye shati, vikiisha kona imejaa. Hakuna haja ya kupiga kelele.

Kona ya nyumbani ndiyo ya kushughulikiwa zaidi. Weka kifumbu, upawa, kikapu cha ukili, leso, kofia, birika, mwiko wa sima, kibuyu. Mbuzi ya kukunia nazi inafaa sana, lakini ng'oa jino lake kwanza. Omba kila nyumba ilete kitu kimoja kikuukuu. Mtoto mgeni aliyenyamaza wiki nzima mara nyingi hufungua mdomo hapo, akishika kitu anachokijua.

Vifuu vya kuchezea visuguliwe kwa msasa, na visoda vigongwe kingo ziingie ndani. Kitu chochote kinachopita ndani ya bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto, kwa hiyo visoda viwe vya mezani, mwalimu akiwapo.

Unga wa kuchezea usinunue. Changanya vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vijiko 2 vikubwa vya mafuta, na manjano kijiko cha chai kwa rangi. Maji ni karibu kikombe 1, yamiminwe kidogo kidogo. Ukinata, ongeza unga. Chumvi huvuta unyevu wa hewa yetu ya pwani: ukiuacha wazi usiku mmoja, asubuhi ni uji. Uweke kwenye mkebe wenye kifuniko na uutupe baada ya wiki. Mwenye kidonda mkononi mpe udongo wa mfinyanzi, chumvi itamchoma.

Kuhusu lugha, anza na Kiswahili. Wazazi wanaodai Kiingereza tangu siku ya kwanza wana nia njema, ila mtoto asiyeelewa anaambiwa nini hajifunzi lugha yoyote. Na wapo wanaokuja na Kigiriama, Kidigo, Kijaluo au Kisomali peke yake. Muulize mama maneno matano ya nyumbani kwao: maji, njaa, kuumwa, mama, na choo. La mwisho ndilo la lazima. Mtoto asiyejua kuomba choo hujikojolea, wenzake wakacheka, na kesho yake akang'ang'ania mlango wa kwao.

Chora picha za ratiba: kuwasili, duara, kona, uji, mchezo wa nje, hadithi, kwenda nyumbani. Zitundike kwenye kamba kimo cha macho yao, kama sentimita 90, na ugeuze kila moja ikiisha. Mtoto mwenye usonji hutulia akijua kinachofuata, na asiyesikia hupata ratiba sawa na wenzake. Kwa huyo asiyesikia, usisimame ukiwa umeligeuzia dirisha mgongo, uso wako unakuwa giza asione midomo wala ishara. Mwenye ualbino mkalishe karibu na ubao, mbali na jua la dirishani, na umruhusu kofia hata ndani. Vidole visivyoshika penseli vizuri visaidie kwa kipande cha ndara kuukuu kilichotobolewa, penseli ikapitishwa katikati.

Duara lisizidi dakika 15. Miezi ya kaskazi, chini ya bati, liwe mapema kabla ya uji. Baada ya hapo watoto wanasinzia na wewe unawaita watukutu.

Ukiona mtoto hageuki akiitwa kwa nyuma, au anaweka kitabu puani, usiseme mbele ya wazazi wengine getini. Andika ulichokiona na tarehe kwa wiki mbili, kisha mkalishe mzazi pembeni: "Mama, nimeona akiitwa kwa nyuma hageuki. Huko nyumbani yukoje?" Usitaje jina la ugonjwa, hiyo si kazi yako. Waelekeze kwenye kituo cha EARC kilicho karibu, kinachopima watoto wenye mahitaji maalum, na nakala ya maandishi hayo waende nayo.