Daftari la mbuzi: navoandika nani kazaliwa na nani

Asalaam alaykum wafugaji. Mie nafuga mbuzi hapa Wete, mwanzo kila kitu nlikuwa naweka kichwani, mpaka nikaja kugundua beberu nnaemtumia ndo baba wa majike yangu matatu na nshawapandisha wote, vitoto vikatoka vidogo vimelegea, kimoja hakikumaliza wiki. Baba akimpanda binti yake, damu ya kitoto inajirudia (yaani wazazi wake ni wa damu moja) asilimia 25, ndugu wa baba mmoja wakizaana 12.5, sio mchezo.

Hatua ya 1: Nunua kaunta buku na penseli. Penseli jamani, masika banda likivuja wino wa peni unatoka wote. Litundike juu, langu la kwanza lilitafunwa.

Hatua ya 2: Kila mbuzi hereni yenye namba. Mie nnaanza na mwaka, 24-07 ni wa saba kuzaliwa 2024. Akifa au akichinjwa Idi, namba yake usimpe mwengine. Majina pia sawa ila mie nlikuwa na kina Mweupe watatu.

Hatua ya 3: Hapa ndo wengi wanakosea. Baba anaandikwa siku ya kupandisha, sio siku ya kuzaa, maana ukisubiri miezi mitano utabaki unatazama rangi ya kitoto na kukisia. Andika tarehe, jike, beberu. Baada ya siku 21 hivi mwangalie, akirudi joto (anataka dume tena) hajashika, andika tena. Akishika hesabu siku 150 tangu kupandishwa, akizidi au akipungua tano hivi ni kawaida. Akizaa siku ya 171 ujue kashika mzunguko wa pili, sasa jiulize siku zile nani alikuwa bandani. Na beberu wa jirani akikata kamba akaingia, weka alama ya kuuliza tu, usimpe ubaba wa kubahatisha.

Hatua ya 4: Akizaa andika tarehe, mama, baba, dume au jike, pacha au mmoja, na uzito kwa mizani ya kutundika. Vidume vitenge vikifika miezi mitatu, vinapanda mpaka mama zao hivo.

Hatua ya 5: Kabla ya kupandisha fungua daftari urudi mpaka babu na bibi wa wote wawili. Namba ikijitokeza pande zote, tafuta beberu mwengine. Mie nnabadilishana na mfugaji wa Konde, beberu anakuja na picha ya ukurasa wake kwenye simu, bila ya picha hashuki kwenye gari.