Uzamili wa kompyuta ya wingu bila kula kodi ya chumba

Kabla hujawasha mashine yoyote ya wingu, yaani kompyuta ya kukodi kupitia mtandao, weka tahadhari ya bajeti. Mimi sikuweka. Muhula wa kwanza niliwasha mashine tatu Ijumaa jioni, nikaenda zangu harusini Tanga. Jumatatu nakuta bili imemeza kodi ya chumba. Na ujue tahadhari yenyewe ni barua pepe tu, haizimi kitu. Zima mwenyewe, kisha futa na diski, maana diski iliyolala nayo inalipiwa.

Usianze na vitufe vya tovuti ya wingu. Hivyo hubadilika kila kukicha. Anza na makala ya Leslie Lamport ya 1978 kuhusu saa na mpangilio wa matukio, halafu ile ya Google ya 2004 kuhusu MapReduce, njia ya kugawa kazi ya data nyingi kwa mashine nyingi. Ya Lamport niliisoma mara nne, kalamu mkononi, nikichora mishale ya ujumbe, hadi nikaelewa kwa nini saa za mashine mbili haziaminiki.

Mazoezi mengi wala hayahitaji wingu. Laptopu ya RAM GB 8 inabeba kontena tatu za Docker, yaani visanduku vya programu vinavyojitegemea kama mashine ndogo. Endesha humo Raft, kanuni ya mashine kuchagua kiongozi kwa kura na kukubaliana, mzime kiongozi, tazama wawili waliobaki wakichaguana. Zima na wa pili: kura hazitoshi, kazi inasimama.

Ukihamia winguni, pima kwanza muda wa data kwenda na kurudi. Ukiwa Dar, usikimbilie vituo vya Virginia, Marekani. AWS, wingu la Amazon, wako Cape Town tangu 2020, ingawa bei imechangamka. Msimamizi wangu alitaka milisekunde na shilingi kwenye jedwali moja.