Jinsi ya kuisoma bei ya bima ya nyumba katika eneo la vimbunga

Bei mbili za bima ya nyumba hazilinganishiki mpaka ujue kila moja inakuachia mzigo kiasi gani siku kimbunga kikipiga. Penye vimbunga, sehemu kubwa ya ada hulipia siku moja mbaya ambayo huenda isije kwa miaka mingi, na kampuni inayotaka kuonekana nafuu hupunguza hapo hapo. Kwa hiyo soma mkataba kwanza, tarakimu ya ada iache mwisho.

Ada inavyojengwa

Msingi ni hesabu fupi: uwezekano wa tukio kwa mwaka, mara hasara inayotarajiwa. Chukua mfano wa nyumba ambayo kuijenga upya kunagharimu milioni 100, kwa fedha yoyote ile. Tuseme kimbunga kikali kina uwezekano wa 1 kati ya 50 kila mwaka, na kikija kitaharibu asilimia 40 ya nyumba. Sehemu yake katika ada ni 800,000. Ongeza dhoruba za kawaida, zenye uwezekano wa 1 kati ya 10 na hasara ya asilimia 3, unapata 300,000 nyingine. Moto, wizi na mabomba kupasuka, tuseme 150,000. Tayari ni 1,250,000, kabla ya gharama za uendeshaji, kamisheni ya wakala, kodi na faida.

Moja kati ya hamsini inasikika kama jambo la mbali. Kwa mtu atakayeishi katika nyumba hiyo miaka 30, uwezekano wa kupigwa angalau mara moja ni karibu asilimia 45.

Halafu kuna gharama ambayo mteja haioni. Moto huunguza nyumba moja, lakini kimbunga huangusha mtaa mzima, na wateja wote hudai ndani ya wiki ileile. Kampuni peke yake haiwezi kulipa, kwa hiyo nayo hununua bima mtawanyo kutoka kwa kampuni kubwa zinazobeba hatari za nchi nyingi. Bei ya bima mtawanyo ikipanda duniani, ada yako hupanda hata kama mwaka huo hukudai chochote na mtaani kwenu upepo haukung'oa hata bati moja. Kimbunga Andrew kilipopiga jimbo la Florida, Marekani, Agosti 1992, kampuni kadhaa za bima zilifilisika, na tangu hapo hesabu za vimbunga hufanywa kwa programu za kompyuta zinazoangalia nyumba moja moja. Australia ilianzisha mfuko wa serikali wa bima mtawanyo ya vimbunga Julai 2022 ili kupunguza kipande hiki hasa cha ada.

Programu hizo hutumia taarifa zinazopewa, sahihi au la. Muulize wakala ameandika nini kuhusu mahali nyumba ilipo, mwinuko wake, umbali kutoka baharini, mwaka wa ujenzi, aina ya paa na aina ya kuta. Nyumba iliyo bondeni nyuma ya mwinuko ikiandikwa kana kwamba iko ufukweni, au paa lililobadilishwa likabaki na mwaka wa zamani, utalipia hatari isiyo yako. Kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa barua moja yenye picha na vielelezo.

Kiasi cha bima: usitumie bei ya soko

Kiasi kinachotakiwa ni gharama ya kujenga upya. Thamani ya kiwanja haimo, kwa sababu upepo hauchukui ardhi. Pima eneo la nyumba kwa nje ya kuta, zidisha kwa gharama ya ujenzi kwa mita ya mraba mahali hapo, kisha ongeza vitu ambavyo watu husahau: kubomoa na kuzoa kifusi, ada ya mchoraji na mhandisi, vibali, uzio, tangi la maji, paneli za sola. Nyumba ya mita za mraba 120 kwa 700,000 kila mita ni milioni 84. Kifusi na wataalamu vikiwa milioni 11, umefika milioni 95. Hapo ongeza nafasi ya kupanda kwa bei, maana baada ya kimbunga mabati, mbao na mafundi hutafutwa na kila mtu kwa wakati mmoja. Ukiweka asilimia 15 unafika milioni 109 na kidogo. Mkadiriaji majenzi anaweza kukupa tarakimu za eneo lako, na ada yake ni ndogo ukilinganisha na kosa analolizuia.

Kosa lenyewe ni hili. Mikataba mingi ina kipengele cha uwiano: ukikata bima pungufu, fidia nayo hupunguzwa kwa kadiri ileile, hata kwa hasara ndogo. Nyumba ya milioni 100 iliyokatiwa bima ya milioni 60 ikipata hasara ya milioni 20, kampuni hulipa asilimia 60 tu ya hasara hiyo, yaani milioni 12. Mwenye nyumba alidhani yuko salama kwa kuwa hasara haikufika milioni 60. Kushusha kiasi cha bima ndiyo njia mbaya kuliko zote ya kupunguza ada.

Kiasi unachobeba mwenyewe

Hiki ndicho kiasi kinachokatwa kwenye fidia kabla hujalipwa. Wauzaji wa bima hukiita eksesi. Katika eneo la vimbunga mkataba mmoja unaweza kuwa na eksesi mbili: moja ndogo ya moto na wizi, na nyingine kubwa ya kimbunga, iliyoandikwa kwa asilimia. Huko Florida, kwa mfano, asilimia 2, 5 na 10 ni viwango vya kawaida. Asilimia hiyo huhesabiwa kwenye kiasi chote cha bima, si kwenye hasara. Asilimia 5 ya milioni 100 ni milioni 5. Kimbunga kikiondoa mabati ya milioni 4, hulipwi chochote, na hakuna aliyekudanganya.

Kulinganisha, fanya hivi. Mkataba wa kwanza una ada ya 1,200,000 na eksesi ya asilimia 5. Wa pili una ada ya 1,500,000 na eksesi ya milioni 1. Tofauti ya ada ni 300,000 kwa mwaka, tofauti ya eksesi ni milioni 4. Gawanya: kama miaka 13. Ikiwa hasara ya milioni 5 au zaidi hutokea kwenu kwa wastani mara nyingi zaidi ya mara moja katika miaka 13, mkataba wa pili ni nafuu. Ikiwa ni nadra zaidi, wa kwanza unaweza kufaa, lakini kwa mwenye milioni 5 zilizotengwa na kufikika. Asiye nazo atakaa chini ya turubai mvua ikiendelea kuharibu dari na nyaya, kwa hiyo hesabu ya miaka haimsaidii.

Uliza pia tukio moja linahesabiwaje. Mikataba mingi huweka kikomo cha saa, mara nyingi 72. Dhoruba mbili zilizopishana siku nne zinaweza kuhesabiwa matukio mawili, na eksesi ikakatwa mara mbili.

Upepo au maji

Migogoro mingi ya fidia huanzia hapa. Kimbunga huleta vitu vitatu: upepo, mvua na bahari inayosukumwa nchi kavu. Mkataba unaweza kufidia upepo na kuacha mafuriko, au kufidia mafuriko ya mto na kuacha maji ya bahari. Tafuta maneno ya maji ya bahari peke yake. Usikubali jibu la mdomo kwamba "maji yamo". Ikiwa mafuriko yana mkataba wa pembeni, bei halisi ya kulinganisha ni jumla ya mikataba yote miwili.

Mvua iliyoingia ndani hulipwa kwa kawaida pale tu ambapo upepo ulitoboa paa au kuvunja dirisha kwanza. Iliyopita kwenye mwanya wa zamani huitwa ukosefu wa matunzo. Uzio, mabanda mepesi, miti na boti mara nyingi havimo kabisa.

Paa ndilo linaloshusha ada

Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi. Kwenye kilomita 90 kwa saa, shinikizo ni kama kilo 39 kwa kila mita ya mraba. Kwenye kilomita 180 ni kama kilo 156. Kasi imekuwa maradufu, nguvu imekuwa mara nne. Kingo na pembe za paa huvutwa juu kwa nguvu kuliko katikati, na mlango wa gereji au dirisha kubwa likipasuka, upepo huingia na kulisukuma paa kutoka chini huku likivutwa kutoka juu.

Panda darini na tochi. Angalia kama kila kenchi imefungwa kwenye ukuta kwa ukanda wa chuma au imeshikwa na misumari tu, na kama ukanda huo unashika nondo au boriti ya zege badala ya tofali la juu. Kisha kagua mabati yenyewe. Tundu la skrubu lililokuwa duara likiwa limerefuka kama yai, na nyufa nyembamba zimetoka pembeni mwake, bati limeanza kuchoka kwa kuinuliwa na kushushwa na upepo. Baada ya kimbunga Tracy kuubomoa mji wa Darwin, Australia, usiku wa Krismasi ya 1974, uchunguzi ulikuta mabati yaliyopasuka kuzunguka misumari kwa namna hiyo, na kanuni za ujenzi za Australia zikabadilishwa. Karibu na bahari, angalia kutu chini ya washa ya skrubu. Juu inaweza kung'aa huku shina limekatika.

Rudi kwenye mfano wa kwanza: uimarishaji ukipunguza hasara ya kimbunga kikali kutoka asilimia 40 hadi 15, kipande cha 800,000 kinashuka hadi 300,000. Kampuni haitakupa punguzo hilo lote, na nyingine hazitoi hata kidogo, kwa hiyo omba bei ya kabla na ya baada kwa maandishi kabla hujamlipa fundi. Piga picha za viungo kabla dari haijafungwa, ukiweka futi kando yake, tunza risiti zinazoonyesha aina ya skrubu na mikanda, na pata barua ya mhandisi. Kazi iliyofunikwa bila picha, kwa kampuni ya bima, haikufanyika.

Muda

Kimbunga kikishatangazwa kuelekea eneo lenu, kampuni nyingi huacha kuuza mikataba mipya, na hazikubali kuongeza kiasi cha bima kwenye mikataba iliyopo. Bima ya mafuriko inaweza kuwa na kipindi cha kungoja pia. Mpango wa taifa wa bima ya mafuriko wa Marekani, kwa mfano, una siku 30. Anza kutafuta bei wiki 6 hadi 8 kabla ya mkataba wako kwisha, na uhakikishe tarehe hiyo haiangukii katikati ya msimu. Ukihama kampuni, usivunje mkataba wa zamani mpaka uwe na hati ya mpya inayoonyesha siku na saa ya kuanza kwa kinga ya kimbunga, si ya moto tu.