Nyumba yenu ya Mji wa Kale, nani hasa aliijenga? Namna ya kuwatafuta mafundi wake

Ukipita Mji wa Kale hapa Mombasa utaambiwa hii ni nyumba ya fulani bin fulani, tajiri wa zamani, na ukiuliza ule mlango nani aliuchonga au ile chokaa nani aliichoma watu wanatazamana tu. Jambo hili linaniuma, manake huyo tajiri hakunyanyua jiwe hata moja. Kwa hivyo kama kwenu kuna nyumba ya zamani, au hata kama mwapanga tu, naandika hapa namna ya kuwatafuta waliofanya kazi yenyewe. Na ushauri wangu wa kwanza, usianze na makaratasi. Anza na nyumba, kisha wazee, halafu ndo makaratasi, kwa sababu makaratasi yanamjua mwenye mali na ukitanguliza hayo utarudi na jina lile lile unalolijua.

Chukua simu yenye tochi na tepu ya kupimia, ingia vyumbani. Mara nyingi utakuta chumba ni kirefu lakini kwa upana hakizidi mita 3 hivi, na sababu ni boriti za mikoko zinazobeba dari, urefu wao ndo uliokata shauri. Hapo tayari umeshapata watu wa kwanza, wakata mikoko wa visiwa vya Lamu, wengi wao Wabajuni, na wengine wa Rufiji kule chini, watu waliosimama kwenye tope na shoka wakingoja maji yajae, kisha mabaharia wa majahazi walioileta, kisha wachukuzi walioipandisha kutoka bandari ya zamani mabegani. Angalia boriti zenyewe, kama zimechongwa pembe nne badala ya kuachwa duara ujue kuna fundi alikaa na tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao, akazifanya moja baada ya nyingine. Piga picha.

Ukuta nao utafute mahali lipu imebambuka yenyewe, tafadhali usikwangue. Mawe ya matumbawe yako ya aina mbili, kuna la nchi kavu ambalo ni gumu na ndilo la kuta, na kuna lile lililokatwa baharini likiwa bichi, laini, linachongeka, hilo ndo utaliona kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na matao na pembeni mwa milango. La pili lina maana kuna mtu aliingia majini kulitoa. Na chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo kwenye tanuu juu ya lundo la magogo, kwa hivyo ongeza wakata kuni na wachomaji.

Sakafu ndo kazi iliyokula watu wengi. Juu ya boriti yanapangwa mawe, inamwagwa chokaa na kokoto, halafu inapigwa kwa vipande vya mti ikiwa bado mbichi, siku kwa siku, watu wamejipanga safu wanaimba ili mapigo yaangukie pamoja. Wengi wa waliobeba mawe na chokaa kichwani walikuwa wanawake, na wengi walikuwa watumwa. Hapa sitaki kuzungukazunguka, utumwa ulifutwa kisheria pwani yetu 1907, kwa hivyo nyumba ya kabla ya hapo wewe chukulia mikono ya watumwa imo mpaka upate ushahidi wa kukukatalia. Na usifikirie walikuwa wa kubeba tu, walikuwepo waashi na maseremala hodari waliokodishwa kwa siku na sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana. Fundi aliyesifiwa kazi yake na mtumwa aliyesahauliwa aweza kuwa mtu mmoja.

Sasa njoo kwenye mlango, na hapa usifanye haraka. Mbele utaona nakshi kwenye mfaa (ule ubao wa katikati), miimo ya ubavuni na kizingiti cha juu, lakini habari nyingi ziko nyuma, kwa sababu mbele palipigwa randa pakapakwa mafuta miaka na miaka, nyuma alama za tezo zimebaki kama zilivyoachwa. Washa tochi uiweke ubavuni ili kivuli kizionyeshe. Tazama misumari, kama vichwa havilingani na mwili una pembe nne huo ulifuliwa na mhunzi, kama ni duara na yote sawasawa ni ya kiwandani na ni ya baadaye. Mbao ni mbambakofi wa huku kwetu au ni msaji uliokuja kwa jahazi kutoka India? Muulize seremala yeyote mzoefu atakwambia kwa kuushika tu. Kama kizingiti kina maandishi ya Kiarabu mtafute anayesoma, mara nyingi ni aya au jina la mwenye nyumba, lakini mwaka ukiwepo ni mali, mwaka 1300 wa Hijria kwa mfano ni 1882 kuingia 1883. Ila jihadhari, milango huuzwa na kuhamishwa, mlango waweza kuwa na umri wake na nyumba umri wake.

Roshani za mbao zile zilizotokeza juu ya vichochoro zitakupeleka kwa mafundi wa Kihindi, wa Gujarat na Kutch. Reli nayo ilipoanza hapa Mombasa 1896 walikuja wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India, wakiwemo maseremala, waashi na wahunzi, wengi walirudi, kama 2,500 walikufa kazini, na baadhi ya waliobaki waliendelea na ufundi wao. Paa likiwa la vigae, geuza kigae kimoja uangalie tumbo lake, vile vya Mangalore vina muhuri wa kiwanda.

Samani ni vivyo hivyo, angalia chini na nyuma. Kiti cha enzi cha mpingo, chenye nakshi za mfupa au pembe na mgongo wa uzi uliosukwa, kifikirie Siyu, Pate, Lamu. Kasha lenye misumari ya shaba mara nyingi limetoka India.

Baada ya hapo nenda kwa wazee, na swali ni muhimu kuliko vile watu wanavyodhani. Ukiuliza "nani alijenga" utajibiwa babu. Wewe uliza hivi, "Shikamoo bibi, zamani mlango ukikwama alikuwa akiitwa nani?" au "Idi ikikaribia nani alikuja kupaka chokaa?" Hapo majina yatatoka, manake fundi wa marekebisho wanamkumbuka, na ufundi ulikuwa ukirithiwa, kwa hivyo huyo atakufikisha kwa baba yake na mwalimu wake. Wanawake waulize zaidi, ndio waliowapikia vibarua na wanajua walikuwa wangapi na walilala wapi. Mambo ya utumwa usiyaulize mbele za watu wala usimtajie mtu babu yake alikuwa nani, kaa naye peke yake, na akisema jina hili usiandike basi usiandike.

Makaratasi sasa. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwafanya watu wa pwani waje kudai viwanja vyao, kwa hivyo ofisi ya ardhi Mombasa ni pa kuanzia, kisha wakfu, mahakama ya Kadhi, Kumbukumbu za Taifa, na hata Zanzibar manake tulikuwa chini ya Sultani. Usisome jina la mwenye hati pekee, soma mashahidi na majirani wa mipakani, na mtu aliyetajwa kama mtumwa aliyeachwa huru wa fulani mnakili kamili. Wazee wakikutajia fundi wa Kisauni kumbuka Freretown ya huko huko, iliyoanzishwa na wamishonari 1875 kwa watumwa walioachwa huru, ambako walikuwepo waliosomea useremala na uhunzi Nasik, India. Uliza kanisani kama kuna rejista za ubatizo na ndoa.

Andika yote kwa sehemu ya nyumba, sio kwa familia. Sakafu, nani. Boriti, zilitoka wapi. Jina lisipopatikana andika kazi na mahali na uache nafasi, usiifute mistari hiyo. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine wapelekee watu wa makumbusho pale Fort Jesus, ambao ni lazima uwaone hata hivyo kabla ya kukarabati chochote Mji wa Kale. Na mkikarabati mwandikeni fundi wa leo pia, jina lake kamili, kwao wapi, alifundishwa na nani, na chokaa aliichanganya vipi.