Mswada wa Fedha wa Kaunti: Namna ya Kupinga Ada ya Soko Kabla Haijawa Sheria

Kuna nchi ambako wakazi hupigia kura kodi ya eneo lao; Kenya hatupigi kura kuhusu kodi. Wala kaunti haiwezi kuanzisha kodi yake ya mauzo, maana Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa serikali ya kitaifa kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Kaunti hutoza ada: soko, maegesho, leseni ya biashara. Mwuzaji wa soko la Kibuye huko Kisumu akitaka kuzipinga, awahi kabla wawakilishi wa wadi (MCA) hawajapitisha Mswada wa Fedha, ule unaopanga ada hizo. Wana siku 90 tangu bajeti ipite, kwa hivyo anza kuulizia Juni.

Omba nakala kwa karani wa bunge la kaunti, pamoja na Sheria ya Fedha inayotumika sasa. Ruka kurasa za mbele. Ada ziko kwenye majedwali ya nyuma. Linganisha mstari wa biashara yako, shilingi na maneno pia. "Kwa siku" ikigeuka "kwa kila kuingia", anayeleta nyanya asubuhi na mchana atalipa mara mbili.

Kisha piga hesabu. Tuseme ada inatoka shilingi 30 hadi 50 kwa siku. Ishirini ni kama mchezo, lakini kwa siku 26 ni 520 kwa mwezi, na 6,240 kwa mwaka. Andika hiyo ya mwaka.

Ukurasa mmoja unatosha: nambari ya kipengee, ada ya sasa, inayopendekezwa, unayotaka wewe, sababu. Mwandikie karani, si gavana. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo.

Kwenye kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi ndipo wengi huharibu. Mtu anapewa dakika mbili, anazimaliza kwa choo kibovu na taka, na kwenye ripoti inabaki "wananchi walilalamika". Choo ni hoja nzuri ukikifunga na mswada: ada ya soko ni malipo ya huduma, huduma haipo, ongezeko ni la nini? Taja kipengee kwanza, halafu choo.

Orodha ya mahudhurio isainiwe kwa makini. Itatumika kuonyesha kwamba mlishirikishwa, na ushirikishwaji si jambo dogo: mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa kuukosa. Ipige picha orodha hiyo.

Baadaye itafute ripoti ya kamati ya bunge la kaunti kuhusu mswada huo uone kama kipengee chako kimejibiwa. Ukinyimwa, omba kwa barua chini ya Sheria ya Upataji wa Habari ya 2016; wana siku 21 za kujibu.