Mwanagenzi wa cherehani: namna nilivyoacha kuwaambia wateja "njoo kesho"

Mimi ni fundi cherehani, nashona Mji Mpya hapa Morogoro. Kwa miaka mingi nilishona peke yangu, na kilichonipotezea wateja hakikuwa mshono mbaya. Ilikuwa ni "njoo kesho". Mtu ana sendofu Jumamosi, Ijumaa jioni gauni halijatiwa zipu, kesho yake analivaa pindo likiwa limeshikizwa kwa pini. Huyo harudi, na shangazi zake hawaji. Nilipompokea mwanagenzi wa kwanza ndipo tarehe ninazotoa zilipoanza kuwa za kweli, na duka likakua kuanzia hapo. Fundi mwenzangu unayehofia kwamba mwanafunzi atakula muda wako, nakueleza nilivyofanya.

Kabla hujamtafuta, shika daftari na kwa siku tatu andika saa zako zinakwenda wapi. Mimi niliona kwamba katika gauni la kitenge lenye bitana, kupima, kukata na kuunga ni kama nusu tu ya kazi. Nusu iliyobaki ni overloki ya kuzuia kingo zisifumuke, gamu ya kukazia kola, pindo, vifungo, kutoa nyuzi, pasi, na kukimbilia sokoni kutafuta zipu ya rangi inayoendana. Hiyo nusu ya pili ndiyo shule ya mwanagenzi, na ndiyo itakayokurudishia saa zako.

Usimchukue mtu kwa sababu tu mama yake ni jirani. Mpe nguo kuukuu na wembe, mwambie afumue mshono mmoja. Anayefumua taratibu, kitambaa kisichanike, ana mkono wa kufundishika. Kuhusu umri, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliye chini ya 18 hapewi kazi ya hatari. Mimi nasubiri wafike 18.

Kisha kaeni na mzazi wake muandike: saa za kuingia na kutoka, atajifunza nini, kwa muda gani, atapata nini. Nakala mbili, kila upande na yake.

Najua mafundi wengi hutoza ada. Mimi sitozi, na nina sababu. Aliyelipa ada anahesabu siku za kuondoka, na fundi aliyekwisha kula ada hana haraka ya kumfundisha. Mwezi wa kwanza ninampa nauli na chakula cha mchana. Kuanzia mwezi wa pili ninamlipa kwa kipande: pindo lina bei yake, zipu ina bei yake, seti ya vifungo ina bei yake. Kila jioni tunaandika daftarini, yeye anahesabu nami nahesabu. Kazi ikifumuliwa kwa kosa lake, anairudia kwanza ndipo iandikwe. Utashangaa jinsi mapindo yanavyonyooka.

Sasa mafunzo yenyewe, na hapa usiwe na pupa. Wiki ya kwanza anakanyaga cherehani bila uzi, juu ya karatasi ya mfuko wa saruji niliyoichora mistari ya kalamu. Matundu ya sindano yanasema yote: yakiacha mstari, mguu bado unakwenda mbio kuliko mkono. Akinyooka, naongeza kona, halafu duara. Baadaye anashona mashuka ya mtumba ndipo aguse nguo ya mteja. Na akiigusa, anaigusa kwa hatua moja tu, pindo, mpaka awe hasubiri nimwambie kitu. Baada ya hapo vifungo, kisha zipu, ambayo humaliza wengi nguvu.

Kukata ni mwisho. Nilijifunza hilo kwa hasara. Binti wa kwanza niliyempokea kama mwanagenzi nilimpa mkasi wiki ya tatu kwa sababu nilizidiwa, akakata yadi sita za kitenge cha watu maua yakiangalia chini. Hakuwa na kosa, sikuwahi kumwonyesha kwamba kitenge kama kile kina juu na chini. Nilimlipa mteja kitambaa kipya, na tangu siku ile kila ruwaza inakatwa kwanza kwenye karatasi ya saruji, mshale ukionyesha juu ni wapi.

Mwezi wa tatu, kutoka magauni mawili kwa siku tulifika matatu, siku nyingine manne, kwa cherehani zilezile. Saa nilizopata sikuzilalia. Nilikwenda shuleni kuomba oda za sare, jambo ambalo zamani nisingethubutu kwa kuogopa nitashindwa kukabidhi. Binti naye alianza kupiga picha kila mshono unaokamilika na kuweka kwenye simu ya duka. Wateja wa Kihonda na Mazimbu walitufikia kwa njia hiyo. Vijana wanajua simu kuliko sisi, waachie.

Anapokaribia kuiva, mwelekeze VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwenye urasimishaji wa ujuzi, ambako aliyejifunzia kazini hupimwa na kupewa cheti bila kuanza darasani upya. Usimfiche jambo hili ukidhani atakuhama. Atahama tu, na ni haki yake.

Wangu alihama. Ana cherehani yake Kihonda, na kila Desemba, sare za Januari zinaponizidi, nampelekea mashati niliyokwisha kukata, nimeyafunga kwa saizi. Namlipa kwa kila shati. Yanarudi yamepigwa pasi, vifungo vyote vipo, siku tuliyokubaliana.