Namna ya kudumu katika makundi ya mtandaoni ya saratani unapomuuguza mzazi

Mzazi anapoanza matibabu ya saratani, mtoto anayemuuguza hujikuta ndani ya makundi mawili au matatu kabla wiki haijaisha: moja la ndugu, moja aliloingizwa na mtu waliyekaa naye kwenye benchi la kliniki, na pengine moja la Kiingereza alilolipata Facebook usiku akitafuta maana ya neno lililoandikwa kwenye majibu ya kipimo cha kinyama. Wiki ya pili huwa amekwisha kuyachoka yote. Mwongozo huu unahusu namna ya kubaki katika yale yanayofaa, kwa kiasi kidogo lakini kwa muda mrefu, kwa sababu matibabu yenyewe ni marefu. Mionzi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, na kwa wagonjwa wengi huendelea kwa wiki kadhaa. Dripu za tibakemikali (chemotherapy) hutolewa kwa mizunguko, mingi ikiwa ya siku 21, hivyo mizunguko sita huchukua karibu miezi minne, ikiwa hakuna mzunguko ulioahirishwa kwa sababu ya chembe za damu kushuka.

Kundi lipi la kubaki nalo

Kundi lenye manufaa zaidi ni la watu wenye saratani ya aina ileile wanaotibiwa mahali palepale. Mtu aliyemaliza mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, anajua mambo ambayo hayaandikwi popote: saa ya kufika ili usikute foleni imejaa, mahali pa kupanga chumba kwa anayetoka mkoani, na nguo isiyomsugua mgonjwa ngozi ikianza kuungua. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaotibiwa Bugando jijini Mwanza, KCMC mjini Moshi au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi. Njia rahisi ya kulipata kundi la namna hiyo ni kumuuliza muuguzi wa kliniki au afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kwa kuwa wao huwajua wagonjwa wa zamani wanaojitolea kuwasaidia wapya. Jijini Nairobi, taasisi ya Faraja Cancer Support Trust hutoa ushauri nasaha kwa wagonjwa na familia zao, nayo ni mahali pazuri pa kuanzia kwa aliye karibu.

Majukwaa makubwa ya nje, kama lile la Macmillan la Uingereza na lile la American Cancer Society la Marekani, yamepangwa vizuri kwa aina ya saratani, na yapo yenye sehemu ya ndugu wa mgonjwa pekee. Yanafaa kwa kuuelewa ugonjwa. Hayafai kwa kupanga siku yako, maana mwenzako wa Manchester atakuambia umpigie simu muuguzi wako maalumu wa saratani, nawe huna muuguzi wa namna hiyo.

Chunguza pia msimamizi wa kundi. Msimamizi mzuri hukataza matangazo ya biashara, huwarudisha watu kwa daktari wao, na hufuta ujumbe unaomtaja mgonjwa kwa jina kamili. Ukikuta msimamizi ndiye muuzaji wa unga wa majani au vidonge vya lishe, toka siku hiyohiyo bila kuaga.

Ruhusa ya mzazi

Ugonjwa ni wa mzazi, na habari zake ni zake. Kabla hujaandika lolote, mweleze kwamba kuna watu waliopitia matibabu kama yake ambao ungependa kuwauliza maswali, na umuulize ni nini angependa kisitajwe. Wazazi wengi hawajali umri au aina ya dawa kutajwa. Wanachokichukia ni picha, jina la kijiji, na habari za choo. Sheria nazo ziko upande wao: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019 zote huzihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti.

Ugumu huja pale familia ilipoamua kutomwambia mzazi kwamba ana saratani. Jambo hili ni la kawaida kwetu, na halimalizwi na mtoto mmoja mwenye simu. Ni la kukaa na daktari na wakubwa wa familia. (Binafsi naona ni siri ngumu kuitunza kwa mtu anayejua kusoma, ukizingatia kibao kilicho kwenye lango la hospitali.) Lakini maadamu mzazi hajaambiwa, huna ruhusa yake, kwa hiyo uliza maswali ya jumla tu yasiyoweza kumtambulisha. Funga mazungumzo ya kundi hilo kwa kufuli ya WhatsApp, ili mjukuu anayechezea simu sebuleni asiyasome kwa sauti.

Kumbuka vilevile kwamba kwenye kundi la WhatsApp kila mwanachama anaweza kuiona namba yako ya simu. Ukoo wenye watu wengi hauhitaji zaidi ya namba moja ili habari ifike kijijini kabla hamjarudi kutoka hospitali. Baadhi ya makundi ya Facebook huruhusu kuuliza bila jina lako kuonekana kwa wanachama, na hapo ndipo pa kupeleka maswali ya aibu. Kundi la ndugu libaki kando kabisa: huko hupelekwa tarehe za kliniki, michango na zamu za kulala na mgonjwa.

Namna ya kuuliza ili ujibiwe

Swali la "Jamani, mama anakojoa mkojo mwekundu, ni kawaida?" litaletewa majibu mengi, nusu yake yakiwa ya kukutisha. Liandike hivi:

"Habari za jioni. Mama ana miaka 61, saratani ya titi. Jana asubuhi amepata dripu ya pili. Dawa ni doxorubicin na cyclophosphamide. Tangu jana mchana mkojo wake ni mwekundu. Hana homa, hana maumivu. Waliopewa dawa hizi, liliwapata? Lilidumu siku ngapi?"

Aliyewahi kupewa doxorubicin atakujibu mara moja kwamba dawa hiyo yenyewe ni nyekundu, na kwamba hubadilisha rangi ya mkojo kwa siku moja au mbili. Wekundu huohuo kwa mgonjwa ambaye hakupewa dawa hiyo, au ukiendelea hadi siku ya tatu, au ukija na maumivu au mabonge, huenda ni damu. Na cyclophosphamide aliyopewa siku ileile ni miongoni mwa dawa zinazoweza kukidhuru kibofu. Rangi ni moja, majibu ni mawili, na kinachoyatenganisha ni jina la dawa na siku iliyotolewa. Kwa hiyo piga picha ukurasa wa daftari la kliniki kila baada ya dripu, uuhifadhi kwenye simu yako, na unapoandika swali unakili majina ya dawa kutoka hapo. Usiitume picha yenyewe, kwa kuwa ina jina na namba ya faili. Na jibu ulilolipata kundini, hata kama limekutuliza, litaje kwa muuguzi siku ya kliniki inayofuata.

Yapo mambo ambayo hayaulizwi kundini hata kidogo. Mgonjwa aliye kwenye tibakemikali akifikisha joto la nyuzi 38, anapelekwa hospitali wakati huohuo, usiku au mchana, kwa sababu chembe nyeupe za damu zikiwa zimeshuka maambukizi yanaweza kumuua kwa muda mfupi. Pima joto kabla ya kumpa panado, maana panado hulishusha joto na kukuficha hatari. Kutokwa damu kusikokoma, kushindwa kupumua, kuchanganyikiwa ghafla na kutapika kiasi cha kushindwa kunywa hata maji ni mambo ya namna hiyohiyo. Namba ya wodi au ya kliniki iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, isitegemee simu yenye chaji.

Kupanga muda kwa mzunguko wa dawa

Watu wengi hujipangia kuingia mtandaoni kila siku kwa saa fulani, kisha hushindwa. Ni afadhali kufuata mzunguko wa dawa. Siku za kwanza baada ya dripu ni za kichefuchefu na kukosa usingizi. Siku hizo usisome lolote kundini isipokuwa una swali. Kati ya siku ya 7 na ya 14, kwa dawa nyingi, ndipo chembe nyeupe hushuka zaidi, na kazi yako ni kipimajoto, kunawa mikono na kuwazuia wageni wenye mafua. Wiki ya tatu mzazi hupata nafuu, anakula, anazungumza. Hiyo ndiyo wiki ya kusoma ulichokihifadhi, kuwajibu wenzako waliouliza, na kuandaa maswali ya kliniki ijayo.

Ili mpango huo uwezekane, zima sauti za kundi na usimamishe upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe. Hatua hiyo ya pili huokoa sehemu kubwa ya bando. Ujumbe wenye maelezo ya maana uwekee nyota ili uupate baadaye bila kuvinjari salamu za asubuhi. Beba pawa benki, kwa kuwa soketi za wodini hugombewa.

Kama mko ndugu wawili au zaidi, gawaneni kazi. Anayelala na mgonjwa hana nguvu ya kusoma mtandaoni, ilhali aliyeko Muscat au Minnesota, anayetuma pesa na kujilaumu kwamba hayupo, ana nafasi hiyo. Huyo wa mbali ndiye akae kundini, asome, aulize, kisha kila jioni amtumie wa nyumbani mistari miwili tu ya yaliyo muhimu. Mpango huu huwafaa wote wawili, na huondoa ule ugomvi wa kila mara ambapo wa mbali hutuma makala kumi na wa karibu hajibu hata moja.

Dawa zinazosambazwa

Utaletewa dawa. Majani ya mstafeli, mbegu za aprikoti zinazoitwa vitamini B17, magadi kwenye maji ya limau: yote hayo yataletwa na watu wanaokupenda. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni kwa magari huko Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na miongoni mwao walikuwamo walioacha dawa zao za hospitali. Simu imeifupisha safari ile tu. Mbegu za aprikoti zina amigdalini, ambayo ndani ya mwili hutoa sumu ya sianidi. Mitishamba mingine huingiliana na dawa za dripu, au huyaelemea maini na figo ambazo tayari zina kazi ya kuzitoa dawa hizo mwilini.

Kumbishia mkubwa hadharani hakusaidii. Mjibu peke yake: "Shikamoo shangazi. Nimepokea, ahsante kwa kutukumbuka. Nitamwonesha daktari Jumanne kabla hatujampa mama." Kisha mwoneshe daktari kweli. Ikiwa mzazi ameshaanza kunywa kitu, daktari anahitaji kulijua hilo kuliko anavyohitaji kukuona una adabu.

Kuhusu pesa, kuwa mkali. Usichangie kwa namba iliyotumwa na mwanachama usiyemfahamu, hata picha ya mgonjwa ikiwa ya kuhuzunisha vipi, kabla msimamizi hajathibitisha. Na mtu anayekufuata faragha akijitambulisha kuwa daktari na kukuomba ada ya kuharakisha mionzi ni tapeli.

Mzazi akitaka kusikia mwenyewe

Baadhi ya wazazi hutaka kuingia kundini wenyewe. Kabla hujamwingiza, msikilizishe kwanza ujumbe wa sauti wa mtu mmoja aliyemaliza matibabu ya aina yake. Mzee anayesinzia kwenye kiti cha dripu huweza kukaa wima akimsikia mzee mwenzake akieleza, kwa lafudhi ya kwao, kwamba uji ulianza kupita baada ya mionzi ya koo kwisha, tena uji wa baridi. Hilo peke yake huwatosha wengi. Anayetaka zaidi, mwambie mapema kwamba kundini hutangazwa pia misiba, na umwache aamue. Makundi yaliyopangwa vizuri huweka taarifa za misiba mahali pake. Kama lenu halina utaratibu huo, mwombe msimamizi auanzishe.

Wewe pia utachoshwa na misiba hiyo, hasa ya mtu ambaye mzazi wake alianza dripu wiki moja na wako. Sogeza kundi kwenye kumbukumbu (archive) kwa siku kadhaa badala ya kutoka, kwa kuwa kurudi huwa vigumu na miadi ya ufuatiliaji itaendelea kwa miaka baada ya matibabu kwisha. Ukitaka kutoka kabisa, au mzazi akifariki dunia, mwandikie msimamizi peke yake kabla ya kuondoka, na umweleze kama ungependa wenzako waambiwe au la. Namba ya mzazi, kama ilikuwa kundini, iondolewe na msimamizi siku hiyohiyo, ili jina lake lisiendelee kuulizwa "unaendeleaje" na wasiojua.